Kwa Nini Bwana Ametuficha Siku Yake?



Kila Dominika, tunapokiri imani yetu mbele ya altare, twatamka ya kuwa Bwana wetu Yezu Kristu atarudi siku moja katika utukufu, awahukumu walio hai na waliokufa. Twayatamka hayo kwa sauti moja, wakubwa kwa wadogo, kisha twarudi mashambani na sokoni, na wengi wetu hatuyafikiri tena mpaka Dominika inayofuata. Lakini vita ikizuka, au ugonjwa mkali ukienea, au nchi ikitetemeka, ndipo watu waanzapo kuulizana njiani na visimani: "Je, siku yenyewe ndiyo hii?" Na hapo hutokea mara mtu mwenye kujibu. Huyu ataja mwezi, yule ataja mwaka. Huyu auza mafuta ya kujikinga, yule adai sadaka kabla mlango wa mbingu haujafungwa.

Swali lenyewe si la upuuzi. Ikiwa Mungu ni Baba, na ikiwa siku ile ni kubwa kupita siku zote, kwa nini hakutuambia tarehe yake? Baba mwema akienda safari huwaambia watoto lini atarudi, ili wafagie kiwanja na kuteka maji. Je, Mungu atutegea, kama mwindaji ategeavyo mnyama? Au katika kuficha kwake mna wema tusiouona upesi? Hilo ndilo neno tutakalolichunguza leo. Maana kama mtu anavyolijibu, ndivyo atakavyoishi.

1. Bwana aliwanyima tarehe, akawapa kazi

Twajua Bwana alivyosema katika Injili ya Mtakatifu Mateo, sura ya 24: siku ile hakuna aijuaye ila Baba, hata malaika hawaijui. Na katika Matendo ya Mitume, sura ya kwanza, twasoma ya kuwa mitume walimwuliza Yezu habari za nyakati, muda mfupi kabla hajapaa mbinguni. Aliwajibu ya kuwa kujua nyakati si kazi yao. Lakini hakuwaacha mikono mitupu. Papo hapo aliwaahidia Roho Mtakatifu, akawatuma wawe mashahidi wake mpaka mwisho wa dunia. Aliwanyima tarehe, akawapa kazi. Tangu siku ile, kila mkristu anayetafuta tarehe na kuacha kazi amegeuza neno la Bwana juu chini.

Kosa hili lilianza mapema. Huko Tesalonike, katika siku za Mtakatifu Paulo, walikuwako watu waliodhani ya kuwa Bwana yu karibu sana. Nao walikuwako wengine walioacha kazi zao, wakawa watu wa kuzungukazunguka, wakila chakula kilichopatikana kwa jasho la wenzao. Paulo hakuwasifu kwa imani yao. Aliwaagiza wafanye kazi kwa utulivu na kula mkate wao wenyewe. Na asiyetaka kufanya kazi, asitazamie chakula. Mtume huyo alimngoja Bwana kwa hamu kuliko wao wote, walakini usiku na mchana alifanya kazi kwa mikono yake, asimlemee mtu.

2. Waliotaja tarehe

Tutazame sasa matunda ya wale waliotaja tarehe, kwa kuwa mti hujulikana kwa matunda yake.

Katika nchi ya Marekani alikuwako mkulima mmoja, William Miller, aliyepiga hesabu kwa kitabu cha nabii Danieli. Wafuasi wake, kwa hesabu za namna hiyo, wakaingoja tarehe 22 ya mwezi wa kumi, mwaka 1844. Wengine waliacha mazao yao shambani yasivunwe, maana waliona haifai kuweka akiba kwa majira ya baridi ambayo hayatafika. Siku ikapita kama siku zote. Majira ya baridi yakafika.

Karibu nasi zaidi, huko Kanungu, kusini-magharibi ya Uganda, si mbali na mpaka wa Kongo, kulikuwa na kundi lililosema ya kuwa linarudisha Amri Kumi za Mungu. Wakubwa wake waliwaambia watu ya kuwa dunia itakwisha pamoja na mwaka 1999. Watu wakauza mali zao, na fedha wakazileta kwa wakubwa hao. Mwaka ukaisha, dunia ikabaki. Kisha, siku ya Ijumaa, tarehe 17 ya mwezi wa tatu, mwaka 2000, mamia ya watu waliteketea kwa moto ndani ya nyumba waliyokusanyika, na watoto wadogo walikuwa kati yao. Baadaye miili mingine mingi ilifukuliwa mashimoni. Wengi wa watu hao walikuwa wamebatizwa katika Eklezia yetu, nao walijua katekisimu kama sisi.

Tusiwacheke marehemu hao, wala tusiwahukumu, maana walidanganywa. Lakini tujifunze. Mtu akiisha kushika tarehe, huanza kumwachilia jirani. Ya nini kumlipia mtoto masomo, kama mwaka ujao hauko? Ya nini kupanda miti, kupatana na ndugu, kumtunza mgonjwa apate kupona? Tarehe huyafanya mapendo yaonekane kuwa kazi bure. Hii ndiyo alama ya kumtambua mwalimu wa uongo, hata akishika rozari mkononi: mafundisho yake juu ya mwisho yakuondolea wajibu wako kwa mtu aliye mbele yako leo, nayo mara nyingi yakuondolea na mbuzi wako pia.

Karibu na mwaka 419, askofu mmoja jina lake Hesikio, wa mji wa Salona, alimwandikia Mtakatifu Augustino, askofu wa Hipo katika Afrika ya Kaskazini, akitaka kupima wakati wa mwisho kwa maneno ya manabii. Augustino alimjibu kwa barua ndefu yenye upole. Alimwekea mfano wa watumishi watatu, wote wanaompenda Bwana wao. Wa kwanza asema: tukeshe, maana Bwana yu karibu. Wa pili asema: tukeshe, maana hata Bwana akikawia, maisha yetu ni mafupi. Wa tatu asema: tukeshe, maana maisha ni mafupi na saa ya Bwana hatuijui. Wote watatu wakesha, na wote watatu wanapenda. Lakini wa tatu ndiye asiyeweza kudanganyika. Wa kwanza, Bwana akikawia, imani yake yaweza kutikisika. Wa tatu hatikisiki, maana hakuweka imani yake juu ya hesabu.

3. Mlima usiotaja siku yake

Watu wa Goma hawana haja ya kitabu ili waelewe neno hili. Juu ya mji wao unasimama mlima Nyiragongo, wenye urefu wa meta kama 3470, na usiku wingu lililo juu yake huwa jekundu kwa moto uliomo ndani. Mlima ulipasuka tarehe 10 ya mwezi wa kwanza, mwaka 1977. Ulipasuka tena tarehe 17 ya mwezi wa kwanza, mwaka 2002. Moto ukapita katikati ya mji, ukaharibu kanisa kuu, ukafika mpaka ziwa Kivu, na watu mamia ya maelfu wakakimbia. Ukapasuka tena usiku wa tarehe 22 ya mwezi wa tano, mwaka 2021, mkesha wa Pentekoste, watu wakiwa majumbani wakijitayarisha kwa sikukuu. Katika mikimbio ile watoto wengi walipotezana na wazazi wao.

Wataalamu huupima mlima huo kwa vyombo vyao, nao wafanya vema. Hata hivyo hakuna awezaye kusema: mlima utapasuka tarehe fulani. Basi watu wa Goma wafanyeje? Yuko mtu asemaye: "Ulipasuka babu yangu akiwapo, haunihusu," akalala bila kuwaza. Huyo ni mpumbavu. Yuko mwingine ambaye kwa hofu hapandi, hajengi, haoi; kila jioni anautazama mlima tu. Huyo naye amekwisha kufa kabla ya kufa. Lakini mtu mwenye busara hujenga nyumba yake, tena aijenga kwa mawe yale yale meusi ambayo moto wa mlima uliyaacha. Hulima, husomesha watoto, hucheka na rafiki zake. Walakini karatasi zake za lazima ziko katika mfuko mmoja. Watoto wake waijua njia. Na nyumbani imekwisha kusemwa nani atamshika bibi mkono, na nani atapita kwa jirani kipofu. Mtu huyo aishi kweli, na yu tayari kweli, wala mambo hayo mawili hayapigani ndani yake.

Mfano una mpaka wake, na mpaka huo ni furaha yetu. Mlima hautujui, humwaga moto juu ya mwema na mbaya. Bali yule tunayemngoja atujua kwa majina yetu, naye alikufa kwa ajili yetu kabla hajaja kutuhukumu.

4. "Nitatubu kesho"

Hapa mtu mwerevu aweza kusema: "Mwalimu, mwivi aliyesulibiwa kuume kwa Yezu aliiba maisha yake yote, akatubu saa ya mwisho, akaingia paradizo siku ile ile. Huruma ya Mungu haina mwisho. Basi mimi nami nitakula ujana wangu, na nikizeeka nitamwita padri."

Jibu la kwanza analijua kila mtu: hujui kama utazeeka, wala kama padri atafika. Lakini jibu hilo peke yake halitoshi, kwani lamfanya Mungu afanane na askari wa barabarani anayejificha nyuma ya mti. Twende ndani zaidi.

Jibu la pili ni hili: yule mwivi hakupanga. Hakuiba akisema moyoni, "Nitamwomba Masiya msalabani." Siku alipokutana na Bwana kwa mara ya kwanza, siku hiyo hiyo alimfungulia moyo. Kwa hiyo amfuatao mwivi mwema si yule atubuye kesho, ni yule atubuye leo. Anayesema "kesho" amekutana na Bwana leo, akamwambia angoje nje. Na moyo si mlango usiobadilika. Kila siku ya kukataa huuongezea kutu katika bawaba, hata siku unapotaka kuufungua unaona mkono hauna nguvu. Hatusemi ya kuwa Mungu atakataa kusamehe. Twasema ya kuwa mtu aweza kujifundisha kutotaka kusamehewa.

Jibu la tatu ndilo zito kupita yote, nalo husahauliwa. Mwenye kuahirisha kutubu adhani ya kuwa jambo hili ni kati yake na Mungu tu. Sivyo. Tuweke mfano. Mtu amesogeza mpaka wa shamba la mjane, akala mihogo ya mjane miaka kumi. Asema: nitaungama nikiugua. Naam, augua, aungama kwa machozi ya kweli, na padri amwondolea zambi. Lakini mjane amekwisha kufa na njaa yake. Watoto wake waliacha masomo, wakatawanyika mijini na migodini, hakuna ajuaye walipo. Mgonjwa ataka kurudisha, amrudishie nani? Msamaha wa Mungu ulimngoja kwa miaka kumi. Mjane hakuweza kungoja miaka kumi. Ndiyo maana wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Toba iliyoahirishwa haimwibii Mungu kitu, yamwibia jirani.

5. Hukumu mbili, na kwa nini ni mbili

Katekisimu yatufundisha ya kuwa ziko hukumu mbili. Ya kwanza ni hukumu ya kila mtu peke yake, mara tu baada ya kufa. Papa Benedikto wa Kumi na Mbili alilieleza fundisho hili mwaka 1336: roho ya mtu haikai ikingoja mwisho wa dunia ndipo ijue hali yake, iliyo safi yamwona Mungu, yenye kuhitaji kutakaswa yatakaswa kwanza, na iliyokufa katika zambi ya mauti yapotea. Ya pili ni hukumu ya watu wote, siku ya mwisho.

Watoto wa darasa la sita huuliza: "Kama mtu amekwisha kuhukumiwa, ahukumiwe tena kwa nini? Je, Mungu alisahau kitu?" Swali jema, wala si jipya. Mtakatifu Toma wa Akwino alilijibu zaidi ya miaka 700 iliyopita. Asema ya kuwa mtu akifa, maisha yake hayajaisha yote hapa duniani. Yanaendelea katika ukumbusho wa watu, ambao mara humsifu mbaya na kumtukana mwema. Yanaendelea katika watoto wake. Yanaendelea katika matunda ya matendo yake: uongo wa mwalimu mbaya hudanganya watu hata baada ya mwalimu kuoza, na imani waliyoihubiri mitume huzaa mpaka leo. Kwa hiyo hesabu ya mtu haiwezi kufungwa kabisa mbele ya watu wote mpaka matendo yake yote yawe yamefika mwisho wa njia yake, na njia hiyo ni mwisho wa dunia.

Fikirini neno hili, wapendwa, maana lina hofu na faraja pamoja. Afisa atiaye sahihi ya uongo afa, lakini sahihi yake yatembea bado. Daraja lililojengwa kwa saruji haba laanguka miaka 20 baada ya mazishi ya aliyekula fedha zake. Chuki aliyoipanda babu kati ya vijiji viwili yaua vijana ambao hakuwaona kamwe. Yote hayo yatakusanywa. Lakini pia mama aliyemfundisha mtoto wake kugawa ugali na mgeni hakujua ya kuwa mtoto yule atawafundisha watoto wake, na hao watoto wao. Yeye alikufa bila jina katika gazeti lolote. Siku ya mwisho ataoneshwa shamba zima lililotoka katika mbegu yake, na watu wote wataona. Wale waliozikwa bila kaburi katika vita za nchi yetu, ambao hakuna hakimu aliyewaulizia, watasimama na kusikilizwa. Kama hukumu ya mwisho isingekuwapo, wenye nguvu wangekuwa wamekwisha kushinda.

6. Kijana aliyekuwa tayari

Kuwa tayari ni nini, basi? Tuutazame mfano wa mtu mmoja wa siku zetu. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alikuwa mkristu wa jumuiya ya Sant'Egidio, akawasaidia watoto wa barabarani wapate kusoma. Kazi yake ya mshahara ilikuwa katika ofisi ya Serikali ichunguzayo bidhaa zinazopita mpakani. Mwaka 2007 vilifika vyakula vilivyoharibika, na watu wakataka kumpa fedha ili avipitishe. Alikataa rushwa, akaagiza vyakula viharibiwe, maana vingeliwa na maskini nao wangeugua. Akatekwa, akateswa, akauawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 ya mwezi wa sita, mwaka 2025, huko Roma, katika basilika la Mtakatifu Paulo nje ya kuta, Eklezia ilimtangaza kuwa mwenye heri.

Tuangalie vema. Siku ile Floribert hakuona wingu likifunguka, wala hakusikia parapanda. Mbele yake palikuwa na meza, karatasi na bidhaa. Siku hiyo ilifanana na siku nyingine za kazi. Lakini Bwana alikuwa amesimama pale, amefichwa ndani ya maskini asiyejulikana ambaye angekula chakula kile. Katika Injili ya Mateo, sura ya 25, wote wawili, wema na wabaya, wastaajabu mbele ya Hakimu. Wote wauliza ni lini walimwona ana njaa au kiu. Hakuna aliyetambua ya kuwa siku ya hukumu ilikuwa inapita mbele ya mlango wake. Floribert hakuijua tarehe. Alimjua jirani, na hilo lilitosha.

Sasa twaweza kulijibu swali letu la kwanza. Bwana ameificha siku yake ili kila siku iwe yake. Lau angetuambia ya kuwa mwisho ni baada ya miaka elfu, tungelala. Lau angetuambia ni kesho kutwa, tungetupa majembe yetu kama watu wa Tesalonike. Katika hali zote mbili siku moja tu ingekuwa ya Mungu, na nyingine zote tungezitupa. Kwa kuificha hiyo moja, amezipa siku zote heshima. Wala kukawia kwake si usahaulifu. Mtakatifu Petro aeleza katika barua yake ya pili ya kuwa Bwana atuvumilia, hataki mtu yeyote apotee. Baba wa mfano wetu, aliyetaja siku ya kurudi, angekuta kiwanja kimefagiliwa siku moja. Baba yetu wa mbinguni ataka watoto wake wawe wamezoea usafi.

7. Je, hofu ni kitu kibaya?

Wengine husema: "Atendaye mema kwa kuogopa moto hana wema wowote." Wana kweli nusu. Mtaguso wa Trento, mwaka 1551, ulifundisha ya kuwa majuto yanayotokana na ubaya wa zambi au na hofu ya adhabu, mtu akiiacha zambi kwa kweli na kutumaini msamaha, ni zawadi ya Mungu. Yamtayarisha mtu kupokea neema katika sakramenti ya Kitubio, ingawa si makamilifu kama majuto ya mapendo. Mtoto mdogo haugusi moto kwa kuwa mama amemkataza kwa ukali; akikua, hauweki moto karibu na mdogo wake kwa kuwa ampenda. Hofu humfikisha mtu mlangoni. Lakini asiyeingia, akakaa mlangoni miaka yote akitetemeka, amemwonea Mungu kana kwamba si Baba.

Husimuliwa juu ya Mtakatifu Aloisi Gonzaga, aliyekufa Roma mwaka 1591, kijana wa miaka 23, kwa kuwahudumia wagonjwa wa tauni, ya kuwa alipokuwa akicheza na wenzake, mmoja aliuliza: "Kama tungeambiwa tutakufa baada ya saa moja, tungefanya nini?" Huyu akasema angekimbilia kanisani, yule akasema angemtafuta padri. Aloisi akajibu ya kuwa yeye angeendelea kucheza. Niliposimulia habari hiyo darasani, mtoto mmoja aliinua mkono akasema: "Mwalimu, yeye hakuwa na deni la mtu." Sijapata kusikia maelezo bora kuliko hayo. Aweza kuendelea na mchezo, au na jembe, au na kupika, yule asiye na kitu cha kukimbilia kwenda kukirekebisha.

8. Mambo manne ya kushika

Tusimalize kwa maneno matupu. Mambo haya manne kila nyumba yaweza kuyashika.

Kwanza, kila jioni, kabla ya kulala, tuchunguze mioyo yetu kwa dakika chache: leo nimemkosea nani, na nani amelala na njaa kwa sababu yangu?

Pili, tusiweke deni. Fedha ya mtu irudishwe. Mpaka uliosogezwa urudishwe mahali pake. Neno la uongo lililosemwa hadharani likanushwe hadharani. Na ugomvi wa mume na mke usilale ndani ya nyumba kama mgeni.

Tatu, tukaribie Kitubio na Ekaristi tungali wazima, wala tusingoje homa ituoneshe njia ya kanisa. Na mgonjwa akiwako nyumbani, tumwite padri mapema. Mpako wa Wagonjwa si tangazo la kifo. Ni dawa na nguvu.

Nne, mtu akituletea tarehe, tumwulize neno moja tu: "Kwa tarehe hiyo, wataka nimfanyie jirani yangu mema gani leo?" Akiwa hana jibu, twende zetu kazini.

Mtakatifu Augustino alikufa tarehe 28 ya mwezi wa nane, mwaka 430, mji wake wa Hipo ukiwa umezungukwa na maadui. Watu wengi wa siku zile walidhani ya kuwa dunia inakwisha. Mzee huyo hakupiga hesabu. Aliamuru Zaburi za toba ziandikwe na kutundikwa ukutani karibu na kitanda chake, akazisoma akilia, akaomba mpaka mwisho. Dunia haikuisha, ila kwa Augustino siku ile ilikuwa imefika, ikamkuta anafanya kazi aliyoifanya maisha yake yote, yaani kumtafuta Mungu.

Na sisi, kila tunapomsalimu Mama Maria katika rozari, twamwomba atuombee katika nyakati mbili tu: wakati huu tulio nao, na saa ya kufa kwetu. Hatutaji jana, kwa kuwa tumeikabidhi kwa huruma ya Mungu. Wala hatutaji mwaka ujao, kwa kuwa si wetu. Siku moja, tusiyoijua, nyakati hizo mbili zitakuwa saa moja. Heri mtu ambaye saa hiyo itamkuta mahali pake pa kazi, hana deni, na mlango wake u wazi kwa jirani. Yeye hatashtuka Bwana atakapoingia, kwa maana atamtambua uso: ni yule yule aliyekuwa akimkaribisha kila siku.